Goma: Chukudu ya mbao, mpira wa majani na kikapu cha koko, masomo ya mikono ambayo watoto wetu wanayakosa

Zamani mtoto wa Goma alijua kutengeneza kitu kabla ya kujua kusoma. Kama si mpira wa majani makavu ya migomba, lilikuwa gari la waya. Kama si gari, ilikuwa chukudu ndogo ya mbao yenye magurudumu yasiyokuwa mviringo sawasawa. Wakaaji wenye miaka thelathini na zaidi, kutoka Birere hadi Ndosho, kutoka Sake hadi Kibumba, wakikutana wanazungumzia vitu hivyo kwa kicheko. Lakini ndani ya michezo ile mlikuwa na shule, na leo shule hiyo inapoteza wanafunzi na walimu wake kwa pamoja.

Chukudu, mchezo uliokuwa mwanzo wa kazi

Mgeni anayefika Goma hakosi kuona chukudu. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani. Magurudumu yamefungwa mpira wa tairi kuukuu ili yasiliwe na barabara. Mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, na kwenye mteremko anaachilia tu chombo kishuke. Kwa namna hiyo viazi, kabichi na makala kutoka Kibumba na vijiji vya Nyiragongo vimeingia mjini kwa miaka mingi. Mji wenyewe umeipa chukudu heshima: sanamu yake ya rangi ya dhahabu inasimama kwenye mzunguko mmoja mkubwa wa barabara.

Lakini wengi wa wale wanaosukuma chukudu kubwa walianza na ndogo. Mtoto alichukua panga la nyumbani, mara nyingi bila ruhusa, akakata magurudumu mawili kutoka kwenye gogo. Akatoboa katikati kwa chuma kilichotoka motoni. Akapaka mafuta machafu ya gari aliyoomba kwa makanika. Aliyekata gurudumu kwa mti laini alilia siku hiyo hiyo, kwa sababu mawe ya lava yalilipasua. Kesho yake alitafuta mkaratusi. Breki nayo aliijifunza kwa magoti yaliyochubuka: kipande cha tairi nyuma ya gurudumu, unakikanyaga, chombo kinapunguza mwendo. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni masomo ya fizikia.

Gari la waya lilikuwa na sheria zake. Mwili wake ulikuwa waya uliokunjwa au mkebe wa sardini, magurudumu yalikatwa kutoka kambambili iliyokwisha. Ndiyo maana mama alificha kambambili zake hata zilipokuwa zimekatika. Usukani ulikuwa waya mrefu uliofika kiunoni mwa dereva, naye alikimbia nyuma ya gari akilitolea sauti ya moteri kwa mdomo wake.

Mpira ulihitaji uvumilivu. Katikati ulianza na matambara au sashe, juu yake majani makavu, halafu kamba ya mgomba ikazungushwa na kufungwa fundo baada ya fundo. Mpira uliofungwa vibaya ulifumuka mbele ya goli, na aliyeufunga alisikia maneno ya timu nzima.

Wasichana walibeba mgongoni mwanasesere wa gunzi la muhindi, wakamfunga kipande cha kitenge kama mtoto wa kweli. Jioni walicheza nzango, mchezo wa kuimba, kupiga makofi na kurusha miguu, ambao leo una timu na mashindano rasmi Kinshasa na Brazzaville. Hapa kwetu ulikuwa mchezo wa uani tu, wa kungojea maharage yaive.

Mikono ya koko

Ndani ya nyumba kulikuwa na somo lingine, na mwalimu wake alikuwa koko. Kutoka kwenye mabwawa yalikuja mafunjo. Yalipasuliwa, yakaanikwa juani, yakageuzwa mara kwa mara yasiote ukungu, halafu yakafumwa kuwa kirago. Juu ya kirago watu walilala, wageni walikaa, mtama na maharage yalikaushwa. Mtoto alipewa kazi ndogo kwanza: kulowesha nyuzi, kushika ncha, kuokota vipande vilivyoanguka.

Kikapu kilianza chini, katikati, kwa duara dogo kuliko sarafu. Nyasi zilizungushwa, sindano ikapita, uzi ukavutwa. Mwanzo ukilegea, kikapu kizima kinainama, na koko hakuwa na huruma: alifumua chote ukaanza tena. Anayejua kufuma anajua pia kuhesabu, kwa sababu mapambo ya pembeni hayatokei bila hesabu ya mizunguko na nyuzi.

Mama zetu nao walikuwa na kroshe. Sindano iliweza kutengenezwa kwa waya wa gurudumu la baiskeli, ulionolewa na kupindwa kichwa. Vitambaa vyeupe vilifunika viti vya sebuleni, meza, hata redio. Msichana aliyeolewa alikwenda na vitambaa alivyofuma mwenyewe, na watu wa ukweni walivitazama kwa makini kabla ya kumsifu.

Tusidanganyane kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Mvulana alipokuwa mtaani na chukudu yake, dada yake alikuwa nyumbani anafuma, anachota maji, anapepeta maharage kwenye lungo. Wengine waliacha shule kwa sababu ya kazi hizo. Kama tunataka masomo haya yarudi, yarudi kwa mvulana na msichana sawasawa, na yasichukue nafasi ya daftari.

Nani alikata uzi?

Ni rahisi kusema kwamba simu ndiyo imeharibu watoto. Simu ina sehemu yake, lakini kuna mengine. Kirago kimeshindwa na mkeka wa plastiki unaouzwa bei ndogo. Gari la waya limeshindwa na la plastiki kutoka China linalovunjika kabla ya wiki kwisha. Shuleni, mwalimu anapoagiza kazi ya mikono, wazazi wengi wanapita sokoni kununua fagio au kamba, mtoto anaipeleka na kupata pointi. Amejifunza kununua tu.

Kubwa kuliko yote ni kukimbia. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilishuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya wakaaji waliambiwa waondoke. Wakashika njia ya Sake, Rwanda na Bukavu. Vita vimewatoa watu Masisi na Rutshuru mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Koko anabaki huku, wajukuu wanakwenda kule. Shamba lenye migomba linabaki nyuma, bwawa la mafunjo halifikiki. Somo linalofundishwa kwa kukaa pamoja miezi mingi haliwezi kufundishwa na watu wasiojua watalala wapi kesho.

Hata hivyo, kwenye kambi zilizozunguka Goma, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, kabla hazijavunjwa mwezi wa pili 2025, watoto walitengeneza magari kwa mikebe ya mafuta ya msaada, na vishada kwa sashe na vijiti. Kuna mama waliofuma vikapu wakaviuza kupata chumvi na sabuni. Wakati wa kukimbia, hawakuweza kubeba ng'ombe wala mlango wa nyumba, lakini ujuzi wa mikono walifika nao. Wengi wao wamerudi vijijini na kukuta nyumba zimebomolewa, na huko wanaanza tena na ujuzi huo huo. Mtoto ambaye hakufundishwa chochote cha mikono, siku ya kukimbia ana kitu kimoja pungufu cha kumsaidia.

Kinachoweza kufanyika

Haihitaji mradi mkubwa wala pesa za wafadhili. Shule inaweza kuamua kwamba kazi ya mikono itafanywa darasani, mbele ya mwalimu, na pointi zitolewe kwa aliyejaribu, hata kama kikapu chake kimeinama. Shule inaweza pia kumualika mama mmoja wa mtaa aje kufundisha saa moja kila juma. Fundi wa chukudu anaweza kukubali watoto wawili watatu Jumamosi, wapige randa na kujifunza majina ya miti.

Nyumbani, kazi ni ndogo zaidi. Wewe msomaji, kama bado una koko anayejua kufuma, mpelekee nyuzi wiki hii na umuweke mtoto karibu naye. Mtoto akilalamika kwamba ni vigumu, mwache alalamike, ila asiinuke mpaka duara la kwanza la kikapu likae sawa.