Umri, Mwili na Shule: Njia ya Kijana wa Musoma Kuelekea Baleti ya Kulipwa

Baleti ni dansi ya jukwaani iliyozaliwa katika majumba ya watawala wa Italia na Ufaransa, ikawekewa kanuni za kudumu baada ya Mfalme Louis XIV kuanzisha Chuo cha Kifalme cha Dansi mjini Paris mwaka 1661, na ndiyo sababu hatua zake hutajwa kwa Kifaransa popote zinapofundishwa, iwe St Petersburg, Havana au Nairobi. Tofauti yake kubwa na ngoma za Mkoa wa Mara, zikiwemo zile za Wakurya zinazoongozwa na litungu, yaani kinanda cha nyuzi nane, haiko katika ugumu, kwa kuwa ngoma nazo zina ugumu wake ambao mcheza baleti asingeumudu kwa siku moja. Tofauti iko katika namna ujuzi unavyoingia mwilini. Mtoto wa Tarime au Butiama huijua ngoma kwa kukua ndani yake, akiiona harusini na kwenye sherehe za rika, ilhali baleti hujengwa darasani, karibu kila siku, kwa hatua zisizorukwa, katika muda wa miaka minane hadi kumi kabla mchezaji hajalipwa chochote. Kwa hiyo kitu kinachomkosesha nafasi kijana wa Kitaji mjini Musoma, wa Bunda au wa Butiama mwenye shauku ya sanaa hii si kipaji, na wala si fedha peke yake, bali ni muda: kalenda ya mwili na kalenda ya shule za Tanzania hazikutani.

Kalenda ya mwili huanzia nyongani. Msingi wa kwanza wa baleti ni kugeuza miguu nje, maana yake kuzungusha paja zima ndani ya kiungo cha nyonga hadi magoti na vidole vielekee pembeni badala ya mbele, na juu ya msingi huo ndipo hukaa mikao mitano ya miguu ambayo hupewa heshima ya kuratibiwa na Pierre Beauchamp, mwalimu wa dansi wa Louis XIV. Kiasi cha mzunguko huo hutegemea umbo la mfupa, jambo lisilobadilishwa na mazoezi, na hutegemea pia kano na misuli inayozunguka kiungo, ambayo utotoni bado hunyumbulika. Mtoto anayeanza kati ya miaka minane na kumi hupata nafasi ya kuizoeza misuli hiyo polepole. Anayeanza akiwa amekwisha kukomaa mara nyingi hutafuta njia ya mkato kwa kuusokota mguu kuanzia gotini au kwenye kifundo, na viungo hivyo viwili havikuumbwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo maumivu ya goti humfikia kabla ya ustadi.

Darasa lenyewe lina mpango unaofanana duniani kote. Huanza kwenye mwamba wa mbao uliofungwa ukutani kwa kimo cha kiuno, ambao wachezaji huuita bari, na mwanafunzi akiwa ameushika kwa mkono mmoja hufanya pliye, ambayo ni kukunja magoti huku mgongo ukibaki wima, kisha tandu, ambayo ni kuuteleza unyayo sakafuni hadi kidole cha mwisho kinyooke. Baadaye hujitenga na bari, husimama katikati ya ukumbi bila kushika kitu, na mwisho kabisa huruka. Mitindo ya kufundisha iko kadhaa, na inayojulikana zaidi ni ule wa Agrippina Vaganova wa Urusi, aliyeuandikia kitabu mwaka 1934, ule wa Royal Academy of Dance iliyoanzishwa London mwaka 1920 na inayotahini wanafunzi kwa madaraja, na ule wa Kuba uliojengwa na wachezaji wa familia ya Alonso. Mabishano kuhusu upi ni bora hayana faida kubwa kwa anayeanza, kwa sababu mwalimu makini wa mtindo wowote anamfaa mtoto kuliko sifa ya mtindo wenyewe.

Jambo linalowavutia watazamaji wengi, na ndilo linaloleta madhara likiharakishwa, ni kusimama kwa ncha za vidole. Wasichana hufanya hivyo ndani ya viatu maalumu vya kitambaa cha satini vyenye kikombe kigumu mbele, kilichotengenezwa kwa tabaka za karatasi, nguo na gundi. Mafundi wa taaluma hii huchelewesha hatua hiyo hadi mwanafunzi afikie takriban miaka 11 au 12 na awe amefundishwa miaka kadhaa mfululizo, kwa kuwa mifupa ya mguu huwa bado na maeneo laini ya ukuaji, na uzito wote wa mwili ukielemea vidole kabla misuli ya kifundo na ya tumbo haijaimarika, mfupa huumia. Umri peke yake hautoshi kuwa ruhusa. Nguvu ndiyo hupimwa. Mzazi atakayevikuta viatu hivyo kwenye marobota ya mitumba na kumnunulia binti yake kama zawadi, kwa nia njema kabisa, atakuwa amempa kitu cha kumjeruhi.

Sakafu nayo ina sehemu yake, na hapa ndipo mazingira ya Musoma yanapohitaji kutazamwa kwa uwazi. Kumbi nyingi za shule na za makanisa zina sakafu ya saruji, ambayo hairudishi nguvu ya mruko bali huipeleka yote kwenye muundi na mgongo, na kwa mtu anayeruka mara nyingi kila wiki matokeo yake ni nyufa ndogo za mfupa zinazotokana na kuchoka. Shule za baleti hutumia sakafu ya mbao iliyotandikwa juu ya miti iliyopishana ili inese kidogo, kazi ambayo fundi seremala mzuri wa mjini anaweza kuifanya akielezwa vizuri. Pasipo sakafu hiyo, mazoezi ya bari yanawezekana, lakini miruko ipunguzwe sana. Lishe nayo haina fumbo kwa watu wa ziwani: dagaa wanaoliwa wazima huipa mifupa madini ya chokaa, na imani iliyowahi kuenea katika baadhi ya shule za ng'ambo kwamba mchezaji ashinde na njaa ili awe mwembamba imekwisha kuonekana kuwa hatari, kwani msichana asiyekula vya kutosha hupoteza hedhi, na akipoteza hedhi kwa muda mrefu mifupa yake hudhoofika.

Sasa kalenda ya shule. Shule ya Royal Ballet ya Uingereza hupokea wanafunzi wa ngazi yake ya chini, ambao hukaa bweni, wakiwa na miaka 11, wakati English National Ballet School huwachukua wenye miaka 16 ambao tayari wana msingi kamili. Mashindano ya Prix de Lausanne ya Uswisi, yaliyoanza mwaka 1973 na ambayo zawadi yake ni ufadhili wa kusoma katika shule kubwa, huwahusu vijana wa miaka 15 hadi 18. Kwa upande wa Tanzania, mtoto wa miaka 11 yupo shule ya msingi akiwa na mtihani wa taifa mbele yake, na kijana wa miaka 16 au 17 yupo kidato cha nne. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, humpokea baada ya hapo. Utaratibu huo unafaa kwa ngoma, maigizo, muziki na sanaa za ufundi zinazofundishwa pale, na umezaa wasanii wengi wenye heshima, ila kwa baleti umri huo ni ule ambao wenzake wa nchi nyingine wanakaribia kutafuta mikataba ya kazi. Tanzania haina shule ya kudumu inayomchukua mtoto mdogo na kumfikisha kwenye baleti ya kulipwa, na ni heri mzazi aelezwe hivyo mapema kuliko kufarijiwa.

Mlango ulio karibu zaidi upo Nairobi, na kwa mkazi wa Mara maneno haya ni ya kijiografia pia, kwa kuwa kupitia mpaka wa Sirari, Nairobi iko karibu na Musoma kuliko ilivyo Dar es Salaam. Kituo kiitwacho Dance Centre Kenya, kinachoongozwa na Mmarekani Cooper Rust, kimefundisha baleti tangu mwaka 2015 na kimekuwa kikiiweka jukwaani, katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya, kazi iitwayo The Nutcracker, yenye muziki wa Tchaikovsky na iliyoonyeshwa mara ya kwanza St Petersburg mwaka 1892. Kabla ya hapo na sambamba nacho, shirika la hisani la Anno's Africa lilipeleka masomo ya baleti kwa watoto wa Kibera, ambako mwalimu Mkenya Mike Wamaya aliyafundisha katika chumba cha darasa baada ya madawati kutolewa nje. Mfano unaotajwa sana ni wa Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa mabanda wa Kuwinda, akaanza kujifunza katika darasa tupu la shule, na mwaka 2017, baada ya takriban miaka mitano ya mafunzo, akaenda kusoma English National Ballet School mjini London.

Simulizi hiyo husomwa vibaya mara nyingi. Magazeti ya nje hupenda kuisimulia kama ajabu la kipaji kilichochipuka kwenye umaskini, lakini kilichomfikisha Kioko London ni mambo ya kawaida yaliyokaa pamoja kwa wakati wake: mwalimu aliyekuwapo kila wiki, ukumbi, jukwaa la kujipima mbele ya watu, na mfadhili, yote yakiwa yamemkuta angali kijana mdogo. Tena alikuwa mvulana, na wavulana huvumiliwa zaidi wakichelewa kuanza, kwa sababu hawatakiwi kucheza juu ya ncha za vidole na kwa sababu idadi yao katika shule nyingi ni ndogo kuliko mahitaji. Msichana aliyechelewa hana nafuu hiyo. Mmarekani Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13 na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupanda daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre, lakini hutajwa kila mara kwa kuwa ni nadra.

Wapo watakaouliza kwa nini mtoto wa nchi ya Mwalimu Nyerere ahangaike na dansi ya wafalme wa Ufaransa. Swali hilo Mwalimu mwenyewe, mzaliwa wa Butiama, aliligusa Desemba 1962 katika hotuba yake ya kuingia urais wa Jamhuri, alipoitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na kusikitika kwamba wengi walijua rumba na dansi za Kizungu kuliko ngoma za makabila yao. Wanaoikumbuka sehemu hiyo husahau kwamba alisema pia kuwa kujifunza kutoka kwa wengine si kosa, mradi watu wasiache chao. Na mwaka uliofuata ikachapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Rais Senghor wa Senegal alikwenda mbali zaidi, kwani mwaka 1977 alishirikiana na mtunzi wa dansi Maurice Béjart kufungua Mudra Afrique mjini Dakar chini ya Germaine Acogny, shule iliyofundisha baleti na dansi za Kiafrika kwa pamoja hadi mwaka 1982. Misri ilikuwa imekwisha kuanzisha Taasisi ya Juu ya Baleti mwaka 1958 kwa msaada wa walimu wa Kisovieti. Afrika, basi, haikuwahi kuwa mgeni wa sanaa hii. Ilichokosa sehemu nyingi ni mwendelezo.

Kutokana na kazi ya Acogny ndipo njia ya pili inapoonekana, nayo kwa vijana wengi wa Mara ni ya busara zaidi. Dansi ya kisasa, yaani dansi ya jukwaani isiyofungwa na mikao mitano wala viatu vya ncha, huruhusu kuanza katika ujana, na hutumia kama mtaji ile ngoma ambayo baleti huiona kama mazoea ya kuondolewa. Dar es Salaam ina Muda Africa, shule ya dansi inayofundisha kwa miaka mitatu, na Senegal ina École des Sables ya Acogny, inayowakutanisha wachezaji wa bara zima. Kijana aliyefikisha miaka 15 bila darasa la baleti, lakini aliyeng'ara katika ngoma kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA au UMISSETA, hana sababu ya kuipoteza miaka yake mitano akiifuata baleti. Apitie Bagamoyo au dansi ya kisasa, achukue baleti kama zoezi la kumpa mgongo ulionyooka na mguu wenye nguvu, na atapata kazi jukwaani mapema kuliko angepata kwa njia ile nyingine.

Kwa mtoto wa miaka minane au tisa hesabu ni tofauti, kwa kuwa bado ana muda. Mafunzo ya viungo, ngoma ya shuleni na kuogelea humjenga, na masomo ya mfululizo wakati wa likizo kwa mwalimu mwenye cheti, Nairobi au Dar es Salaam, humpa msingi ambao video za simu haziwezi kumpa, kwa sababu video humwonyesha hatua lakini haimwoni goti lake likienda upande. Baada ya likizo tatu au nne mwalimu huyo ataweza kusema kwa uaminifu kama nyonga na unyayo wa mtoto vinaruhusu kuendelea, na jibu lake likiwa hapana, mtoto atakuwa hajapoteza shule. Jibu likiwa ndiyo, familia itabidi iamue kuhusu kuhama au bweni kabla ya miaka 12. Maombi ya shule za ng'ambo huanza kwa video ya mazoezi ya bari na ya katikati ya ukumbi, pamoja na picha za mikao, na wanaopita ndipo huitwa kujaribiwa ana kwa ana. Kwa sababu hiyo mzazi aliyekusudia kweli akamilishe mapema cheti cha kuzaliwa na pasi ya kusafiria ya mtoto, maana mwito huo ukifika haumsubiri asiye na hati.