Chinchila: Namna ya Kumshika na Sababu Zake

Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko familia zinazofuga chinchila, mnyama mgugunaji aliye mdogo kuliko sungura, mwenye masikio mapana ya mviringo na manyoya ya kijivu yaliyo laini mno. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa masomoni ng'ambo, aliishi na familia iliyokuwa na mmoja. Jioni moja mtoto wa nyumba hiyo alimkamata mgongoni kwa ghafla. Mnyama alichupa na kukimbilia pembeni, na mtoto akabaki na manyoya mkononi, akilia kwa kudhani kuwa amemwua. Baba yake alikuwa amemkataza mara nyingi kumshika vile, lakini hakupata kumweleza sababu.

Sababu yenyewe yatubidi tuitafute katika Milima ya Andes, nchini Chile, ambako ndiko asili ya chinchila. Huko hewa ni kavu, usiku una baridi kali, na mnyama hujificha katika nyufa za mawe akiwahofu mbweha na bundi. Katika kitundu kimoja cha ngozi yake huweza kuota nywele zaidi ya 50, ilhali katika kichwa cha binadamu aghalabu huota moja au chache tu. Tena manyoya hayo hung'oka upesi anaposhikwa kwa nguvu, hata adui akabaki na manyoya na windo likaponyoka. Kwa hiyo mkono wa mtoto yule, kwa fahamu za mnyama, haukuwa na tofauti na kinywa cha mbweha. Manyoya huota tena, lakini baada ya miezi kadhaa.

Vazi hilo zito lina hasara yake. Chinchila hawezi kujipoza kwa kutoka jasho kama sisi. Joto likipita nyuzi 25 za sentigredi huanza kutaabika, na likizidi sana hufa. Kwa hiyo hapana budi akae mahali penye baridi na kivuli, wala asipakatwe kwa muda mrefu. Hali kadhalika asioshwe kwa maji, kwani manyoya yaliyosongamana hukauka kwa shida. Badala yake hupewa bakuli la vumbi laini la mawe ya volkano, naye hugaagaa humo na kujisafisha.

Basi jamaa wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, wafundishwe hivi: kwanza, kumwacha anuse mkono na kuja mwenyewe, hasa jioni, wakati anapoamka, pili, kumwinua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba miguu ya nyuma, tatu, kutombana kifua, maana mbavu zake ni nyembamba na pumzi huweza kumzuia, nne, mtoto mdogo amshike akiwa ameketi sakafuni, ili mnyama asianguke kutoka juu.

Manyoya yale yale yaliyomwokoa na mbweha yalimponza kwa binadamu. Aliwindwa kwa ajili ya makoti ya fahari hata akakaribia kutoweka, na uwindaji ukapigwa marufuku kwa mapatano ya mwaka 1910. Mwaka 1923 Mmarekani Mathias Chapman alichukua chinchila wachache, wasiozidi 12, akawapeleka California. Wengi wanaofugwa leo ni wa uzao huo. Walioko mwituni wangali hatarini.

Huku kwetu chinchila ni nadra, na joto la pwani lisingemfaa. Lakini sungura tunao, na wanafunzi wengi humwinua kwa masikio. Mwalimu asitosheke na kukataza. Na awaulize wanafunzi: masikio ya sungura yameumbwa kwa kazi gani, na miguu yake ya nyuma, yenye nguvu nyingi, itaudhuru vipi uti wa mgongo apigapo mateke hewani? Atakayeijua sababu hatahitaji kusimamiwa.