Mizinga ya Kale: Tusiisugue, Tuirekodi

Anayezuru Fort Jesus, Mombasa, hukuta mizinga imepangwa nje kwenye jua, mvua na upepo wa chumvi. Mingi ni ya chuma. Ile ya shaba nyeusi, yaani shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na bati, hustahimili hewa ya bahari kuliko chuma, lakini mara nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema.

Kwa nini tuijali? Mfano uko kwa jirani zetu Unguja, mbele ya jumba la Beit al-Ajaib. Huko kuna mizinga ya shaba ya Wareno, na mmoja una maandishi ya Kiajemi yanayotaja kutekwa kwa Hormuz, mwaka 1622. Yaani silaha ya Wareno ilitwaliwa na Waajemi, kisha ikafika Unguja. Habari hiyo yote imebebwa na mistari michache. Sugua mzinga kwa mchanga na ndimu kila sikukuu ili ung'ae, na mistari huanza kufifia.

Ule ukijani laini uliokolea si uchafu. Ni ngozi inayoikinga shaba. Cha kuogopa ni madoa ya unga wa kijani hafifu unaopukutika. Hapo chumvi imeshaingia na inaila shaba kutoka ndani. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa uhifadhi, si ya brashi ya waya wala kopo la rangi. Mtaalamu huosha kwa maji yasiyo na chumvi, hukausha kabisa, kisha hupaka nta. Mdomo wa mzinga huinamishwa kidogo ili maji ya mvua yasituame ndani. (Chupa za soda nazo si mahali pake humo.)

Kurekodi hakuhitaji mashine. Pima urefu na upana wa tundu la mdomo, andika mahali mzinga ulipo, kisha piga picha pande zote. Maandishi yaliyofifia huonekana vizuri jioni, tochi ikimulika kutoka ubavuni. Mizinga mingi ya Waingereza ina tarakimu tatu za uzito. Ukisoma 20-1-14, zidisha 20 kwa ratili 112, ongeza robo moja ambayo ni ratili 28, kisha ratili 14: jumla ni ratili 2,282, takriban kilo 1,035.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakitambua kuwa cha kale kifaa kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya 1895. Hakipelekwi kwenye mizani ya vyuma vikuukuu. Mkaazi au mvuvi akigundua mzinga shambani, ufuoni au chini ya maji, auache palepale, apige picha na kuarifu ofisi ya makavazi iliyo karibu au chifu wa eneo lake. Mzinga uliokaa baharini ukitolewa na kuachwa ukauke juani, chumvi iliyo ndani huupasua.