Khamis wa Nyumbani, Hamisi wa Jeshini

Baba alizaliwa siku ya Alhamisi, na kwetu Unguja mtoto wa siku hiyo huitwa Khamis. Hivyo ndivyo jina lilivyoandikwa katika cheti chake cha ndoa, katika vyeti vyetu vya kuzaliwa na katika kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi. Lakini mwaka 1976, alipokwenda kuandikishwa jeshini, karani aliyekaa mezani alikuwa mtu wa Bara. Aliliandika jina kama linavyoandikwa kwao: Hamisi. Jina la babu yangu, Othman, likawa Athumani. Baba alikuwa na miaka 19, mbele yake foleni, nyuma yake foleni. Alitia saini akapita.

Simlaumu karani yule. Mimi mwenyewe nimekaa masjala ya serikali hapa mjini miaka 22, najua mkono unavyozoea. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi minne tu baada ya Muungano, na tangu hapo vijana wa Makunduchi na wa Musoma wakalala bweni moja na kuandikwa katika daftari moja. Kwetu ni Sleiman, kule ni Selemani. Kwetu Khatib, kule Hatibu. Ramadhan huongezewa i, Abdalla huongezewa h. Tena sisi hatuna jina la ukoo. Tuna letu, la baba na la babu. Fomu ikitaka jina la ukoo, mmoja ataandika la babu, mwengine la baba, na ndugu wawili wa tumbo moja wakatoka na majina mawili tofauti. Enzi ya karatasi karani mwenye busara alikuwa akisoma Hamisi na kuelewa Khamis. Kompyuta haielewi. Kwake hao ni watu wawili.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutampiga. Baba alikwenda. Machi 1979 alikuwa Lukaya, kwenye ile barabara inayokatiza kinamasi, ambako wanajeshi wa Libya walikuja kumsaidia Amin. Kovu la mguu wake wa kushoto ni la huko. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Aliporudi vitani alihamishiwa kikosi chengine, akafunguliwa jalada jipya, na katika jalada hilo tarehe ya kuandikishwa ikaingizwa ile ya kufika kikosini: 1979. Miaka mitatu ikatoweka, na vita vyake vyote vikawemo humo.

Alistaafu mwaka 1997 bila kujua. Pensheni ya askari hukokotolewa kwa kuangalia muda wa utumishi na mshahara wa mwisho, kwa hiyo miaka mitatu si kitu kidogo. Lakini nani katika wazee wetu amewahi kukaa na kalamu akahesabu? Tuligundua miaka mingi baadaye, siku ya uhakiki wa wastaafu. Baba alipeleka kitambulisho na barua ya kustaafu, akaambiwa karatasi hizi si za mtu mmoja. Malipo yakasimama. Alirudi nyumbani, akakaa barazani, akaniambia, “Mwanangu, leo nimeambiwa mimi si mimi.”

Barazani ushauri haukosekani. Wengi walimwambia abadilishe kitambulisho kiandikwe Hamisi, mambo yaishe. Alikaribia kufanya hivyo. Nilimzuia, na namzuia kila msomaji mwenye mzee aliye katika hali hiyo. Hati ya kubadili jina ni ya mtu anayetaka jina jipya. Inaanza leo, hairudi nyuma. Ukibadilisha kitambulisho kifuate kosa, cheti cha ndoa kitapingana nacho, vyeti vya watoto vitapingana nacho, hati ya nyumba itapingana nacho. Umeziba tundu moja umetoboa manne. Unachohitaji ni hati ya kiapo inayosema kwamba Hamisi aliye katika jalada na Khamis aliye katika kitambulisho ni mtu yule yule, ikifuatana na ushahidi.

Ushahidi ulikuwa chini ya kitanda, katika sanduku la mbao lenye nguo za jeshi. Tulikuta cheti cha mafunzo ya awali cha mwaka 1977, karatasi mbili za mshahara, na picha ya vijana sita imeandikwa nyuma tarehe na mahali. Kwa macho ya masjala, cheti kile kilikuwa dhahabu. Si kwa sababu kinasema Hamisi au Khamis, bali kwa sababu kina namba yake ya jeshi, ile inayoanza na herufi MT. Jina lilikuwa limebadilika mara tatu katika karatasi zile. Namba ilikuwa ile ile, kutoka cheti cha 1977 mpaka barua ya kustaafu. Na cheti cha 1977 hakiwezi kuwa cha mtu aliyeandikishwa 1979.

Jambo hili nalisisitiza, maana watu hufika ofisini na machozi wakaacha namba nyumbani. Karatasi haisahihishwi kwa maneno. Inasahihishwa kwa karatasi nyengine iliyoandikwa zamani, kabla ugomvi haujaanza, wakati hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya. Hata Marekani, tarehe 12 Julai 1973, jengo la kumbukumbu za wanajeshi mjini St. Louis liliungua, yakateketea majalada kati ya milioni 16 na 18. Hayakuwa na nakala. Wastaafu wa huko walisaidiwa kwa karatasi za pembeni: orodha za malipo, daftari za hospitali, amri za uhamisho. Askari huacha nyayo mahali pengi kuliko jalada lake moja.

Baada ya karatasi tulitafuta watu. Katika vijana sita wa pichani walikuwa hai watatu, baba akiwa mmoja wao. Mmoja tulimpata Kiembe Samaki, mwengine Makunduchi. Yule wa Makunduchi alikuwa hatoki kitandani bila kushikwa, lakini alipoambiwa ni habari ya Lukaya alitaka apelekwe mjini siku ile ile. Aliapa mbele ya kamishna wa viapo pale Vuga, akataja mwezi walioandikishwa, jina la mkufunzi na mahali baba alipojeruhiwa. Sheha wetu alitoa barua ya utambulisho. Kisha nikaandika barua ya maombi, ukurasa mmoja tu: kilichoandikwa ni hiki, kiko katika karatasi hii, sahihi ni hiki, uthibitisho ni huu. Niliwahi kupokea barua za kurasa saba zenye uchungu mtupu, na nasema kweli, zilichelewa kwa sababu msomaji hakujua anaombwa nini.

Nakala yangu niligongesha muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri ule ulituokoa, maana mara ya kwanza tuliambiwa hakuna barua iliyofika. Tulivuka kwa boti kwenda Dar es Salaam mara mbili. Ilichukua miezi 14.

Katika safari hizo baba alikaa upande wa dirisha. Boti ikitoka bandari ya Malindi kinaonekana kisiwa cha Chapwani, ambako wamezikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa hapa bandarini na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Makaburi yao yanatunzwa mpaka leo. Katika vita hivyo hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916, Askofu Frank Weston wa kanisa la Mkunazini alikusanya wapagazi wa Unguja akaenda nao Bara kubeba mizigo ya jeshi. Kaburi la mpagazi liko wapi? Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa bila kukumbukwa kwa majina, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Radhi ilikuja baada ya miaka mia moja, wakati hakuna mke, mtoto wala mwenzake wa kusema, huyu nilikuwa naye. Nilimsimulia baba habari hiyo ndani ya boti. Alinyamaza mpaka tukafika.

Jibu lilipokuja, nilifurahi kuona jeshini wamefanya kazi ya masjala inavyopasa. Hawakufuta kitu. Hamisi yumo bado katika jalada, palepale karani alipomwandika, na juu yake imewekwa karatasi mpya inayosema ndiye Khamis, na kwamba aliandikishwa 1976. Rekodi njema husahihishwa kwa kuongezwa, ili atakayefungua kesho aone kosa na aone lilivyotengenezwa. Pensheni ilianza tena mwezi uliofuata.

Sasa nakuomba wewe uliye na baba au babu aliyevaa kombati. Usingoje uhakiki, na usingoje msiba, kwani mjane akibeba majina mawili kwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kufungua mirathi, mwenye kujibu maswali hayupo tena. Mwombe mzee afungue sanduku. Nakili namba ya jeshi. Linganisha tahajia ya majina matatu, herufi kwa herufi, na mwaka wa kuandikishwa na wa kustaafu. Muulize wenzake ni nani na wako wapi, uandike.

Shahidi wetu wa Makunduchi alifariki miezi mitano baada ya kuapa. Kiapo chake kimo ndani ya jalada.