Miwani Haiharibu Macho ya Mtoto

Mwanafunzi wa Buraza akunjaye uso asome ubaoni huenda akaitwa mzembe, ilhali jicho lake limerefuka kupita kiasi, na sura ya kitu cha mbali huishia mbele ya utando wa nyuma. Cheti chake cha miwani huwa na alama ya kutoa: mwenye kutoa 2 huona sawasawa hadi nusu mita tu. Wako wazazi waombao lenzi hafifu, eti macho yasizoee. Huko Malaysia, jaribio lililotangazwa mwaka 2002 lilionyesha kwamba watoto waliopunguziwa nguvu ya lenzi kwa makusudi macho yao yalizidi kudhoofika haraka kuliko ya wenzao. Uchovu wa macho ni jambo jingine. Mara nyingi huletwa na kukodolea kitabu saa nyingi, na hupoa kwa kutazama mbali. Askari wa lindo asiyetofautisha mtu na kisiki, huyo apimwe kabla ya zamu ijayo.