Jicho la Kukosea
Nyuma ya lenzi ya jicho kuna utando mwembamba mno, unene wake sehemu kama nne tu za elfu moja ya milimita. Daktari anayemtoa mzee mtoto wa jicho huuchunga utando huo kuliko kitu kingine. Ukichanika, ute ulio nyuma yake huja mbele, lenzi ya bandia hukosa pa kukaa, na mgonjwa anaweza kutoka thieta akiona vibaya kuliko alivyoingia.

Sasa daktari mwanafunzi azoeze mkono wapi? Kwa miaka mingi imekuwa ni macho ya mbuzi kutoka kichinjioni, kisha mgonjwa mwenyewe, mwalimu akiwa ubavuni. Katika mji wa Kisumu, Kenya, macho ya mbuzi hayakosekani, ila huharibika upesi, na mbuzi wa kuchinjwa kwa kawaida hana mtoto wa jicho.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2021, likiongozwa na William Dean wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, liliwahusisha madaktari 50 waliokuwa wakisomea ubingwa wa macho Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe. Kundi moja lilikwenda Cape Town kwa wiki moja, likapasua macho ya bandia chini ya hadubini, tena na tena. Kundi la pili liliendelea na masomo ya kawaida na kungoja zamu yake. Katika mwaka uliofuata, wa kundi la kwanza walifanya upasuaji 21.5 kwa wastani kila mmoja; wenzao 8.5. Utando ulichanika katika asilimia 7.8 ya upasuaji wa kundi la kwanza. Kwa kundi la pili ilikuwa asilimia 26.6, yaani zaidi ya jicho moja katika kila manne.

Hizo 21.5 nazo zina lake la kusema. Nadhani mwalimu akiuona mkono umetulia, huachia kisu mapema.

Viungo vikubwa vya bandia vya mazoezi, kama figo, vina shida nyingine: printa ya 3D ya kawaida hutoa plastiki ngumu, na figo si ngumu. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Ahmad Ghazi na wenzake walianza na picha za CT za mgonjwa, wakachapa kalibu badala ya figo, kisha wakamimina ndani yake jeli ya PVA (polyvinyl alcohol). Jeli hiyo hugandishwa na kuyeyushwa kwa awamu. Kadiri awamu zinavyoongezeka ndivyo inavyokakamaa, hadi ifanane na nyama inayotakiwa. Figo hiyo ya jeli ilipitishiwa mishipa pia, ili ikikatwa vibaya ivuje damu ya bandia.

Kwa kalibu, Kisumu haianzii sifuri. Kampuni ya Kijenzi imewahi kuchapa huko vipuri vya vifaa vya hospitali, na friza inapatikana, stima isipopotea. Kigumu ni mwalimu. Wanafunzi waliokwenda Cape Town walikuwa na wakufunzi wa kuwarekebisha walipokosea. Katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969, wagonjwa walio kwenye foleni hutoka hadi kaunti za jirani. Kumtoa bingwa kwenye foleni hiyo wiki nzima, akasimamie macho ya plastiki, ni gharama isiyoandikwa kwenye bei ya printa.