Maji katika moteri ya mazutu: kweli iko wapi?

Hapa Punia, litre ya mazutu inafika ikiwa imebeba bei ya barabara mbovu yote. Njo maana video zinazozunguka kwenye simu zinavuta watu: chupa ya maji, nyaya mbili kwenye batri, na groupe eti inaanza kunywa maji. Mtu akikuletea kifaa hicho, fanya hesabu kabla ya kutoa makuta.

Umeme ukipita ndani ya maji unayagawa kuwa hidrojeni na oksijeni. Hilo ni kweli. Hidrojeni ikivutwa pamoja na hewa, moteri ya mazutu inaweza kuichoma, ila lazima mazutu kidogo inyunyiziwe ili kuiwasha. Kule Antwerp, Ubelgiji, boti ya abiria inayoitwa Hydroville ilizinduliwa 2017 kwa mtindo huo. Lakini hidrojeni yake inajazwa kwenye matangi mbele ya safari; moteri haijitengenezei.

Hapo njo kuna mtego. Kilo 1 ya hidrojeni inaomba umeme wa kilowati-saa 50 hivi. Groupe ndogo inatoa karibu 3 kwa litre, basi utachoma litre 16 au 17. Na kilo hiyo ikiungua inarudisha joto la litre 3 na kidogo tu. Ni kama kutoa magunia matano ya mchele ili upate moja.

Na maji yenyewe? Kuyanyunyizia kwenye hewa ya moteri ni ufundi wa zamani. Ndege za vita vya 1939-1945 ziliutumia. Maji hayaungui, yanapoza. Hidrojeni inaongeza ukali wa moto, moteri inaweza kugonga, na moshi unazidi sumu ya oksidi za nitrojeni; maji yanapunguza hayo. Lakini yanataka kipimo, tena yawe safi kabisa. Ya mto yanaacha chumvi na mchanga, yakizidi yanashuka kwenye oili. Kuyamwaga ndani ya tanki ya mazutu ni jambo lingine: hapo unaua pompi na injektere.

Tena ile chupa inatoa hidrojeni na oksijeni zikiwa zimechanganyika. Cheche moja inatosha kulipuka. Usiiweke nyumbani.

Mwenye sahani ya jua naye asidanganyike: umeme wake ukizungushwa kupitia hidrojeni na groupe, katika kilowati-saa 50 zitarudi 10 hivi. Afadhali achaji simu na batri moja kwa moja.